Bendera Nyekundu ya Munisagara

Munisagara ni stesheni ya reli. Anayeijua Reli ya Kati anajua kwamba ukiiacha Kilosa kuelekea Dodoma, njia inaingia bonde la mto Mkondoa, mlima upande mmoja na maji upande wa pili, reli ikibanwa katikati: Munisagara, Mzaganza, Kidete, Godegode, hadi Gulwe. Baba yangu alifanya kazi kwenye genge la reli pale, nami nimekulia kwenye kota za reli. Sikuwahi kuona ndege ikitua kijijini kwetu. Lakini watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kutunza ndege, huitaja Munisagara kabla ya hanga lolote.

Wajerumani walianza kuijenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma 1914. Katika bonde letu waliufuata mto kwa kuwa milima haikuwapa njia nyepesi, na mto umekuwa ukidai haki yake tangu hapo. Desemba 2009 kuingia Januari 2010 Mkondoa ulifurika, ukaisomba njia kati ya Kilosa na Gulwe, maelfu ya watu wa Kilosa wakakosa pa kulala, na treni zikasimama kwa miezi. Reli mpya ya SGR ilipofika Kilosa, ilichimbiwa mahandaki milimani.

Sasa nieleze kazi ya Baba, maana ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kila alfajiri mtu mmoja wa genge alitoka na nyundo, spana ndefu na bendera mbili, ya kijani na nyekundu. Alitembea juu ya mataruma akikagua kiungo baada ya kiungo. Boliti iliyolegea aliikaza papo hapo. Reli aliigonga akasikiliza mlio wake. Wakati wa masika doria ilikuwa ya usiku pia, kwa taa ya mkononi, kwa sababu maji hula tuta kwa chini huku juu kokoto zimekaa vizuri tu. Akikuta tuta limeliwa, hakuwa na uwezo wa kulijenga. Alirudi nyuma umbali wa kutosha, akatega fataki juu ya reli ili gurudumu likizikanyaga zilipuke na dereva asikie, kisha akasimama na bendera nyekundu.

Na treni ilisimama. Humo ndani angeweza kuwemo waziri, mkuu wa mkoa, au mkurugenzi wa reli mwenyewe. Mtu aliyepokea mshahara mdogo kuliko wote kwenye njia ile aliwasimamisha wote, na hakuna aliyemwuliza sababu kabla magurudumu hayajatulia. Nilipokuwa mtoto niliona ni jambo la kawaida. Nimekuja kuelewa ukubwa wake nilipoanza kufanya kazi na watu wanaomiliki ndege zao wenyewe.

Ufundi wa ndege nilisomeshwa na watu waliopitia Soroti, chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa Uganda mwaka 1971, enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Walikuwa wakali. Walitufundisha kwamba kwenye shirika la ndege anayelipa, anayerusha na anayekagua ni watu watatu, kila mmoja na saini yake, na kwamba usalama unakaa kwenye nafasi iliyopo kati yao. Mhandisi akikataa kusaini, rubani hana ndege. Rubani akikataa kuruka, mkurugenzi hana safari.

Ndege binafsi inaiondoa nafasi hiyo. Mwenye ndege ndiye anayelipa na ndiye anayerusha, na akishatua kwenye kiwanja cha porini, yeye ndiye mkaguzi pekee aliyepo kwa kilomita nyingi. Bendera nyekundu iko mkononi mwake, na yeye huyo huyo ndiye abiria anayetaka kuwahi kikao cha Jumatatu asubuhi. Ndiyo maana naamini kwa moyo wote kwamba mwenye ndege lazima afundishwe matengenezo. Simfundishi ili aokoe pesa za fundi. Namfundisha ili siku moja, akiwa peke yake na haraka zake, ajue kitu kinachotosha kumsimamisha.

Hapa kwetu wenye ndege ndogo zenye herufi za 5H ubavuni ni wakulima wakubwa, wenye hoteli za mbugani, wafanyabiashara, madaktari, na wamisheni. Wachache wao waliniomba niwafundishe, tukakubaliana tukutane Mikumi. Nilipachagua mwenyewe. Hifadhi ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia imeikata katikati, kwa hiyo wengi huijua kwa swala na twiga wanaowaona dirishani mwa basi. Kiwanja cha ndege kiko karibu na makao ya hifadhi. Hakuna hanga wala fundi wa kukodi. Kumfundishia mtu kwenye sakafu safi ya Dar es Salaam, mafundi wakiwa wamemzunguka, ni kumfundishia mahali ambapo hatapata shida.

Asubuhi ya kwanza hakuna anayeruhusiwa kushika spana. Tunaizunguka ndege polepole, kila mtu na ya kwake, na nataka kila mmoja aseme kwa sauti anachokiona. Mwanzoni huwa hawaoni kitu. Wanaona ndege. Inachukua muda kabla macho hayajaanza kuona ribiti moja yenye mstari mweusi pembeni, dalili kwamba inacheza ndani ya tundu lake, au tone la mafuta ya breki kwenye tairi.

Tairi lenyewe lina habari yake. Fisi hupenda kutafuna mpira, na marubani wa porini wana desturi ya kuzungushia magurudumu matawi ya miiba ndege inapolala nje. Kwa hiyo tairi linakaguliwa kwa mkono, pamoja na upande wa ndani ambao jicho haliufikii, na mrija wa breki vilevile. Ndege moja tuliyoikagua ilikuwa na alama za meno kwenye mrija. Mwenyewe aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Halafu nyigu. Wale wanaojenga viota vya udongo huhitaji tundu dogo na muda mfupi tu, na ndege ina matundu mengi ya aina hiyo. Mrija wa pito, ule mdogo unaochungulia mbele chini ya bawa, ndio unaopokea msukumo wa upepo na kuijulisha saa ya mwendo kwamba ndege inakwenda kasi gani. Ukiziba, saa hiyo inasema uongo. Tarehe 6 Februari 1996 Boeing 757 ya shirika la Birgenair iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini dakika chache baadaye, watu wote 189 wakafa. Ilikuwa imekaa siku kadhaa chini bila vifuniko vya mirija hiyo, na wachunguzi waliona uwezekano mkubwa kwamba mmoja uliingiwa na nyigu. Kifuniko chenyewe ni kipande cha kitambaa chenye utepe mwekundu. Nawaambia wanafunzi wangu wakinunue kabla ya kununua miwani ya jua.

Tundu la pili ni lile tanki la mafuta linalopumulia. Mafuta yakishuka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, la sivyo tanki linavuta utupu na mafuta yanagoma kutoka, hata yawe mengi. Beryl Markham, aliyekulia Njoro, Kenya, aliondoka Uingereza peke yake Septemba 1936 kuivuka Atlantiki kuelekea magharibi, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo kutoka kule. Alipofika Nova Scotia, baada ya zaidi ya saa 20 angani, injini ilinyamaza akaangukia kwenye bwawa la matope, akanusurika. Barafu ilikuwa imeziba tundu la kupumulia la tanki. Mikumi haina barafu, ila nyigu wapo mwaka mzima.

Mafuta ndiyo tunayoyakalia zaidi, kwa sababu huku mara nyingi hutoka kwenye mapipa. Pipa lililosimamishwa wima hukusanya maji ya mvua juu ya mfuniko, na usiku likipoa linanyonya hewa kupitia kizibo pamoja na yale maji. Lilazwe ubavu. Mafuta yachujwe kwa faneli yenye kitambaa kisichopitisha maji. Kisha, ndege ikishajazwa na kuachwa itulie, uchote chini kabisa ya kila tanki kwenye kikombe cha kioo. Petroli ya ndege ni nyepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa gramu 720 hivi, kwa hiyo maji hukaa chini na utaona mstari. Lakini kuna mtego. Kama kilichoingia kikombeni ni maji matupu hutaona mstari wowote, utaona kitu kisafi kinachopendeza, na mtu mwenye haraka atakimwaga akiridhika. Ndiyo maana rangi inatazamwa. Petroli ya 100LL imetiwa rangi ya buluu kwa makusudi. Na ukiona buluu imepauka, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli itakauka ipotee. Ikibaki alama ya mafuta, mtu amekuwekea mafuta ya jeti, ambayo injini ya pistoni itafanya kazi nayo kwa muda mfupi tu kabla ya kufa.

Niliwaona watu wazima, wenye kampuni na wafanyakazi, wamechuchumaa chini ya bawa wakilinganisha vikombe kwenye mwanga wa jua. Mmoja alikuwa amerusha ndege kwa miaka mingi na hakuwahi kulifanya jambo hili kwa mikono yake. Kulikuwa na kijana wa kumfanyia.

Siku ya pili tunagusa injini. Nawafundisha kubadilisha oili, kufungua chujio lake kwa kulikata na kutandaza karatasi ya ndani juani ili kutafuta chembe za chuma. Kwa injini nyingi za Lycoming zenye chujio kamili, kazi hii hufanywa kila saa 50 za kuruka au kila miezi minne, lolote litakalotangulia. Wenye ndege husahau hiyo miezi minne. Wanasema, ndege yangu haijaruka, iharibike kwa nini? Naomba nikae kidogo hapa. Katika injini hizo shafti inayosukuma vali iko juu, oili inaitiririkia mbali injini ikilala, na hewa yenye unyevu kama ya Dar es Salaam huanza kuila. Kuiwasha bila kuirusha kwa dakika kumi kila wiki kunaongeza madhara, kwa sababu moto huzalisha mvuke na oili haipati joto la kutosha kuufukuza. Inatakiwa iruke. Ndege inayopendwa na kufunikwa shuka inaoza ndani.

Magneto nazifundisha kwa uangalifu kuliko vyote. Injini ya ndege ndogo ina magneto mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila silinda ina plagi mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee. Kabla ya kupaa rubani huzijaribu moja baada ya nyingine. Katika Cessna 172 za miaka ya 1970, kwa mfano, injini huwekwa kwenye mizunguko 1,700 kwa dakika, na ukizima magneto moja mizunguko isipungue zaidi ya 125, wala tofauti ya pande mbili isizidi 50. Kila rubani anaijua hesabu hii kwa ajili ya mtihani. Ninachotaka wajue ni kinachotokea ndani namba zinapogoma. Na nataka wajue kwamba magneto haihitaji betri, kwamba waya wake mmoja ukikatika inaweza kuwa hai hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo propela huguswa kama bunduki yenye risasi, siku zote, na kila mtu.

Wapo mafundi wenzangu wasiopenda ninachofanya. Wanasema mwenye ndege akijua kidogo atajiona fundi, atafungua asichoweza kufunga. Hofu yao nimeishi nayo na siidharau. Sheria nazo zimechora mstari. Marekani ina orodha ya kazi zaidi ya 30 ambazo rubani mwenye ndege isiyo ya biashara anaweza kuzifanya mwenyewe na kuzisaini, zikiwemo tairi, plagi, oili, betri na taa. Zaidi ya hapo aite mwenye leseni. Kwetu leseni hizo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kinawafundisha vijana uhandisi wa matengenezo ya ndege, jambo ambalo kizazi changu kililifuata nje ya nchi. Ningependa chuo kama kile kiwe siku moja na darasa la wikendi kwa wenye ndege. Kwa uzoefu wangu, mtu anayefungua asichokijua ni yule ambaye hakuwahi kuonyeshwa mstari uko wapi. Aliyefundishwa vizuri huniita mapema zaidi, tena huniita na maelezo yanayoeleweka.

Kuna somo moja ambalo hulifanya jioni, tukiwa tumekaa, na wengi wangependa tulipite. Ni madaftari ya ndege. Kila ndege ina historia yake ya maandishi: saa ilizoruka, vipuri vilivyobadilishwa na namba zake, maelekezo ya lazima kutoka kwa mtengenezaji na mamlaka, na saini chini ya kila kazi. Wenye ndege wengi huyafungia kabatini. Wanalipa bili, wanapokea daftari, hawajui limeandikwa nini. Nilipoliona hili mara ya kwanza nilimkumbuka Mangungo wa Msovero, ambaye kila mtoto wa Tanzania amemsoma darasani. Msovero ni Kilosa, ni kwetu. Novemba 1884 Karl Peters alimwekea karatasi ya lugha asiyoijua, akatia alama, na nchi ikaondoka. Sisi tuliozaliwa wilaya ile tulikua tukisikia jina lake likitamkwa kama aibu, nami sijawahi kuliona hivyo. Alidanganywa. Mtu wa leo mwenye shahada na ndege hana wa kumlaumu akipokea karatasi asiyoisoma. Basi tunasoma, mstari kwa mstari, vifupisho vyote, hadi taa ya gesi inapungua na wengine wanalalamika njaa.

Mmoja wa wanafunzi wale alikuwa daktari. Alikuja akisema wazi anataka kujifunza kubadilisha plagi ili apunguze gharama, na hakuna ubaya. Baada ya muda aliruka na familia yake kwenda Mikumi kwa wikendi. Jumapili alasiri akanipigia simu.

“Fundi, shikamoo. Nimewashusha watoto.”

Alipojaribu magneto ya kushoto, mizunguko ilipungua kupita kiasi na injini ikatetemeka. Alifanya nilivyowafundisha: akapunguza mafuta kwenye mchanganyiko, akaiacha injini ikimbie kidogo ili kama plagi imeshika masizi yaungue, akajaribu tena. Ikawa vile vile. Ya kulia ilikuwa nzuri kabisa. Mimi najua, na yeye alijua, kwamba ndege ingepaa na magneto moja na pengine ingefika Dar es Salaam kabla ya jua kuzama. Kesho yake alikuwa na wagonjwa wa kupasua. Hakuniuliza kama anaweza kwenda. Alinisomea namba alizoziandika, akaniambia ndege ameifunga kamba, vifuniko vimewekwa, miiba imezungushwa, na kwamba wanasubiri basi barabarani la kuwafikisha Morogoro wakachukue treni ya SGR ya usiku.

Nilikwenda naye Jumanne na magneto nyingine. Tulipoifungua ile mbovu tulikuta kipande cha ndani kinachogawa umeme kwenye plagi kimepasuka, ufa mweusi ambao cheche zilikuwa zinaupitia badala ya njia yake. Tulifunga mpya, tukapima wakati wa cheche, tukawasha, pande zote zikakaa ndani ya kiwango. Nikaandika kwenye daftari nikasaini. Alilichukua, akachuchumaa kando ya gurudumu na cheti cha kipuri mkononi, akalinganisha namba ya kwenye cheti na ya kwenye bati la magneto, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akarudi kurasa za nyuma, akatafuta.

“Fundi, hii ya kulia ilifungwa siku moja na ile iliyopasuka. Ina saa mia tano sasa. Tuifungue?”

Nikamwambia ndiyo, imefikia muda wake wa kufunguliwa, ila ifunguliwe Dar es Salaam na baada ya siku kadhaa, kwa sababu sitaki mikono ile ile iguse magneto zote mbili siku moja: kosa likifanyika huku, litafanyika na kule. Akaliandika hilo kwenye kijitabu chake.